Mahojiano ya Kilambo

Chuno, Mtwara
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kaka yangu Helder,

Nakusalimu kwa mapenzi ya damu moja, wewe na wifi Happiness na watoto wote, nikiomba Mungu karatasi hii iwakute mkiwa wazima huko Songea. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi aliniambia bado unalala chini ya malori kama kijana wa miaka ishirini. Msikilize anapokukataza. Mimi mdogo wako sijambo. Kifua kile cha mwezi wa sita kimeniachia, na nyumba ya wazazi imesimama, isipokuwa upande wa jikoni ambako upepo wa Agosti uling'oa bati mbili, nikazipigilia mwenyewe. Makaburi ya baba na mama nimeyapalilia wiki iliyopita.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa kazini, mara ya pili ulipokea, na mimi nikaishia kukuuliza habari za mvua. Nikaona bora niandike, maana karatasi hainikatizi, na wewe utaisoma ukiwa umekaa. Tafadhali kaa.

Mwezi uliopita walikuja watu wawili kutoka Dar es Salaam. Wanatengeneza filamu ya makala kuhusu watu wanaobuni tamthilia za sayansi na mambo ya miaka ijayo hapa nchini, na kwa kuwa tuko wachache, wakanitafuta kwa sababu ya tamthilia yangu, Lango la Sauti. Najua hujaitazama. Uliniambia watu wa leo wanakusumbua vya kutosha, huna nafasi ya watu wa mwaka 2140. Nilicheka, lakini moyoni nilishukuru, na sababu ya kushukuru utaijua kabla hujafika mwisho wa barua.

Ili unielewe, inabidi nikusimulie tamthilia yenyewe kwa ufupi. Mdomoni mwa Ruvuma, pale mto unapoingia baharini katikati ya mikoko, pamejengwa lango la chuma lenye masikio. Ukitaka kukaa upande huu unasema maneno matatu tu, na lango linajua bibi yako mzaa mama alizaliwa ukingo gani. Wewe unajua hilo limetoka wapi. Limetoka kwa mama, alivyokuwa akitusimamisha uani na kuturudishisha neno moja mara kumi, mpaka lafudhi ya ng'ambo ituishe mdomoni. Lango hilo lina sheria moja. Mtu akijificha, haliwezi kumtafuta mpaka mtu anayelala naye nyumba moja aende akaifungue sauti yake, yaani aseme jina lake na mahali alipo. Katika sehemu ya kwanza, bwana mmoja fundi anachukuliwa hivyo, na kwa sehemu kumi na mbili watazamaji wanajiuliza ni nani aliyeifungua sauti yake. Mwishoni inajulikana ni jirani, mzee anayetunza pampu za maji za mtaa. Yupo pia mtoto wa kike, Tausi, mpwa wa yule fundi. Huyo amependwa kupita wote. Hata leo wanawake wa sokoni huniuliza Tausi hajambo.

Basi, wageni wangu walikuwa Yohana, ambaye ndiye muulizaji, na Agnes wa kamera. Yohana ni mtoto wa mwalimu kutoka Dodoma, mtu mpole, anauliza jambo halafu ananyamaza muda mrefu akikutazama kama anayesubiri chai ipoe. Ukimya ule ulinitia wasiwasi tangu siku ya kwanza. Agnes haongei sana, na kamera haimtoki begani.

Mimi nilijiandaa kuulizwa mambo ya kazi: tulivyotengeneza lango kwa vyuma vilivyotupwa, tulivyoipata ile sauti yake kwa kugonga tangi la maji tupu, waigizaji tuliwapata wapi. Yohana aliuliza hayo kwa dakika kumi tu. Baada ya hapo akaanza kumuulizia baba. Baba alivuka Ruvuma mwaka gani? Alitoka kijiji gani? Alipoanza kazi ya kubebesha, yaani kuunganisha, miche ya mikorosho kule Naliendele, aliandikishwa kwa jina gani? Kuna karatasi yoyote imebaki? Nikamjibu kwamba baba alikuwa mtu wa kawaida na karatasi zake ziliharibika kwa mvua. Nikaona anaandika.

Usisahau kwamba tangu mwezi wa tano nimepeleka maombi ya pasipoti, kwa sababu tamthilia imealikwa kuonyeshwa nje. Fomu ile inauliza wazazi walizaliwa wapi, na wazazi wa wazazi. Na mitandaoni, tangu tamthilia ianze kupata jina, hakosi mtu wa kuandika kwamba huyu dada si wa kwetu, mrudisheni kwao. Nikayaunganisha hayo yote. Usiku ule ule, hata kabla ya kula, nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba hakuna filamu yoyote, hawa wametumwa.

Kuanzia hapo kila walichofanya kilinipa ushahidi. Siku moja nilikuta Agnes anaipiga picha nyumba yetu kutoka barabarani kabla hajabisha hodi. Akasema anataka mwanga wa asubuhi ukutani. Siku nyingine, tunakula mihogo na samaki pale Ufukoni, niliona kitaa chekundu cha kamera kinawaka juu ya meza. Nilipomuuliza alikizima, akasema alisahau. Nikajiuliza, mtu wa kamera anasahau kamera? Halafu kikaja kilichonimaliza. Nilitoka dukani saa nne asubuhi nikawaona wote wawili wanatoka kwa Bi Halima, na Bi Halima amewasindikiza mpaka nje.

Unamjua Bi Halima, na unajua sisi na nyumba ile. Tangu mwaka tisini na nane, tangu Mjomba Silvio alipochukuliwa, hakuna mtu wa kwetu aliyepokea hata kibiriti kutoka kwa Mzee Rajabu na mkewe. Mama alikuwa akimwona Bi Halima anakuja, anavuka barabara. Siku ya msiba wa mama, wewe ulikuja ukaondoka siku ileile, hukuliona hili: Bi Halima alituma sufuria la uji wa waombolezaji, na mashangazi wakalirudisha limejaa. Mzee Rajabu alifariki miaka minne iliyopita, na mimi nilifunga dirisha nisisikie watu wakipita kwenda kuzika. Kwa hiyo nilipowaona wale wawili wanatoka pale, nikasema sasa yametimia. Mume alisema habari za Mjomba, na mke anasema habari zangu.

Nikawatega. Nilimwambia Agnes, kama mazungumzo tu, kwamba baba alizaliwa Mahuta. Nikamwambia Yohana kwamba alizaliwa Nanyamba. Baba hakuzaliwa huko wala huko, wewe unajua. Nilitaka kuona ni lipi litakalorudi kwangu kupitia mdomo wa mtaa, au kupitia karatasi yenye mhuri, ili nijue nani kati yao anapeleka maneno. Nilisubiri siku tatu. Kila pikipiki iliyosimama karibu na nyumba ilinifanya nichungulie.

Siku ya nne Yohana alikuja peke yake, ameshika daftari. Akasema ana shida ndogo. Katika daftari lake baba amezaliwa Nanyamba, lakini katika sauti aliyorekodi Agnes ni Mahuta, na wote wawili wamehangaika kutwa nzima wakidhani wamesikia vibaya.

“Dada Telma, utuambie lililo sahihi,” alisema. “Sipendi baba wa mtu akosewe kwao kwenye televisheni.”

Kaka, niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimwambia nilichanganya kwa uchovu, na kwamba habari za baba waziache kabisa. Akakubali bila kubisha, akazikata palepale kwa kalamu. Alisema alimuulizia baba kwa sababu moja tu, kwamba watu wanaopenda tamthilia yangu wanapenda kujua mtu anayewaza mambo ya mbali hivyo alilelewa na nani.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini shaka ikishazoea kula ndani ya mtu, haiachi hata ikishibishwa. Nikamuuliza kwa ukali kidogo walifuata nini kwa Bi Halima. Akasema hawakumfuata. Bi Halima ndiye aliyewasimamisha barabarani akaomba apigwe picha. Akatoa kompyuta yake kwenye begi akaniuliza kama nataka kuona.

Nilitaka. Nilijiandaa kumsikia akinitaja. Bi Halima alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, amejitanda khanga safi, na alitazama kamera kama anavyomtazama mtu anayemdai salamu. Maneno yake nayakumbuka yote.

“Huyo mzee wa pampu wa kwenye mchezo ni mume wangu,” alisema. “Kitambaa chekundu cha kufungia mkono ni cha Rajabu. Ule mguu anaouvuta ni wa Rajabu. Watoto wa mtaani wameangalia, sasa wananiita mke wa pampu. Mwambieni binti Armando nimezitazama zote kumi na mbili kwa simu ya mjukuu wangu. Mwambieni Rajabu hakusema.”

Yohana anasikika akimuuliza, basi ni nani aliyesema?

“Mimi simjui aliyesema,” Bi Halima alijibu. “Namjua asiyesema.”

Yohana alifunga kompyuta akaniuliza kama kuna jambo la kweli nyuma ya hadithi ile. Nikasema waandishi huokota vitambaa popote, ni bahati mbaya tu. Nilisema hivyo nikimtazama usoni.

Mahojiano makubwa tulipanga tukayafanyie Kilambo, kando ya mto, na ruhusa walikuwa wameipata. Tulifika asubuhi, maji yamejaa, wanawake wenye mabeseni wanasubiri kuvuka, na kwa mbali viboko wawili vichwa nje. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu utoto. Waliniwekea kiti cha plastiki kikawa kinazama kwenye tope, Agnes akatafuta kipande cha ubao akakiweka chini ya miguu ya kiti. Tukaanza. Nilizungumza vizuri, kaka, ungejivunia. Nilieleza kwa nini nilichagua mwaka 2140, na kwa nini mashine inayosikiliza inatisha kuliko mashine yenye bunduki. Saa nzima ikapita. Nilishaanza kujiona nimepona.

Ndipo Yohana akasema ana swali la mwisho, tena la mtazamaji tu, si la mwanahabari.

“Mzee wa pampu analala nyumba gani?”

Nikajibu kwamba analala kwake.

“Basi kwa sheria yako mwenyewe hawezi kuifungua sauti ya yule fundi. Ulisema lazima awe mtu wa nyumba moja.”

Nikacheka, nikasema ni kosa la uandishi, hakuna kazi isiyokuwa na tundu. Yeye hakucheka. Akasema ameitazama tamthilia mara tatu, na mwandishi ambaye hajakosea hata rangi ya ndoo katika sehemu kumi na mbili hawezi kusahau sheria yake kubwa kuliko zote. Akahesabu kwa vidole. Katika nyumba ile, ukimtoa fundi mwenyewe, wanalala wanne: baba, mama, kaka yake Tausi, na Tausi. Halafu akanyamaza, kama kawaida yake.

Katika ukimya ule nilimshuku kila mtu aliye hai. Moyoni nilisema Bi Halima amemtuma. Nilisema mama alijua, akamwambia padri, padri akasema. Nilimshuku Agnes, nikaishuku kamera, nikakushuku hata wewe, kwamba labda ulijua tangu zamani. Baadaye, tukiwa njiani kurudi, Yohana aliniambia ukweli: hakujua lolote. Alidhani nimeliacha tundu lile makusudi kwa ajili ya msimu wa pili, naye alitaka awe wa kwanza kudokezewa. Lakini pale kitini mimi sikulijua hilo.

Nikasema, “Ni Tausi.”

Akaniuliza kwa nini mtoto anayempenda mjomba wake afanye hivyo.

Nikasema, “Kwa sababu mjomba alitaka kuondoka na Helder.”

Kaka yake Tausi katika tamthilia haitwi Helder. Anaitwa Jasiri. Nilisikia jina lako likitoka kinywani mwangu, nikaona Agnes anainua uso kutoka kwenye kamera, na Yohana akaliweka daftari chini kwenye tope bila kujua.

Sasa nakuandikia wewe nilichowaambia wao, maana haifai wageni wajue na mwenye haki asijue.

Unakumbuka wiki ile wale watu wenye faili walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amevuka na nani hajavuka. Nyumbani tulikubaliana tuseme Mjomba Silvio ni ndugu wa baba kutoka Newala. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, mimi tisa. Jumapili jioni, ninyi mnafikiri nimelala, nilimsikia Mjomba akimwambia mama kwamba baada ya mavuno atarudi kwao Palma, ng'ambo ya mto, na atakuchukua wewe ukajifunze kazi ya injini za boti, na mama akakubali. Nilisikia pia sauti yako. Ulikuwa na furaha. Hukuuliza hata mara moja nitabaki na nani. Sikusemi kwa hilo, ulikuwa kijana, lakini ndivyo nilivyolisikia mimi.

Asubuhi yake nilikuwa bombani. Yule mama mwenye faili alikuja akachuchumaa mbele yangu, akasema nina nywele nzuri, akaniuliza nyumbani tunalala wangapi. Hakunitisha, Helder. Ningeweza kusema tuko wanne nikajaza ndoo yangu nikaondoka. Nilimwambia yupo Mjomba Silvio, ametoka Palma, hana karatasi. Na kabla hajauliza zaidi, nikamwambia mwenyewe kwamba sasa hivi yuko Ufukoni, kwenye boti yenye mashine ya bluu. Niliongeza hilo kwa hiari yangu. Nilitaka wamrudishe kwake siku hiyohiyo, mapema, kabla hujafunga mzigo wako.

Mzee Rajabu kosa lake lilikuwa moja. Walisimama kwenye mashine yake ya kusaga kuuliza njia, naye akawaonyesha kwa mkono, na mama akaona ule mkono kutoka mlangoni. Mjomba alipokamatwa saa sita, mama alikuwa na jibu tayari. Nami nililiacha jibu hilo likae. Mjomba alivushwa palepale Kilambo wiki mbili baadaye, hakurudi tena, akafariki huko mwaka elfu mbili kumi na moja, na mama hakumzika kaka yake. Mama mwenyewe amekwenda kaburini anamchukia mtu ambaye hakumkosea. Mara nyingi nilikaa kando ya kitanda chake nikiwa nimefungua mdomo. Nilimpa dawa nikaufunga.

Nilipoandika tamthilia nilitaka kusema. Nakuapia, katika karatasi za kwanza alikuwa Tausi. Nilifika sehemu ya tisa mkono ukakataa. Nikamchukua Mzee Rajabu, nikampa pampu badala ya mashine, nikambakizia kitambaa na mguu. Nilijiambia marehemu hatazami televisheni. Sikumfikiria mkewe.

Yohana alizima kamera siku ile bila mimi kuomba. Alisema kipande kile ni changu, nikimwambia akifute atakifuta mbele ya macho yangu, na akanipa siku tano. Huyu ndiye mtu niliyemtegea Nanyamba.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa Bi Halima. Nilipiga hodi kwenye mlango ambao sikuwahi kuugusa kwa miaka ishirini na saba. Nilimkuta uani anabangua korosho, mikono myeusi kwa mafuta ya maganda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuonyesha mshangao, akanisogezea kigoda. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe. Hakuacha kubangua. Kila korosho aliigonga mara moja tu, ikapasuka, akaitia kwenye ungo. Nilipomaliza akauliza swali.

“Ulikuwa na miaka mingapi?”

Nikasema tisa.

“Na ulipomtia mume wangu kwenye televisheni?”

Nikasema thelathini na mitatu.

Akagonga nyingine, akaipuliza majivu. “Yule wa miaka tisa nimemsamehe,” alisema. “Huyu mwingine bado.”

Nilikaa pale mpaka alipomaliza ungo, kwa sababu sikujua kama nimeruhusiwa kuondoka. Alipokuwa ananisindikiza aliniambia kitu kimoja tu anachotaka: Rajabu alitajwa mbele ya nchi nzima, basi asafishwe hukohuko, kwa mdomo uleule. Nilimpigia Yohana nikiwa bado barabarani, nikamwambia asifute hata neno.

Makala itaonyeshwa Jumamosi tarehe nne Oktoba. Utamsikia dada yako akilitaja jina lako, na watu wa Songea wanaokujua watasikia. Pasipoti sijui itakuwaje, na sasa hainikoseshi usingizi. Watakaosema nirudishwe kwetu watasema. Kwetu ni hapa Chuno, ambako nimemdhulumu jirani.

Limebaki moja, na hili sikulisema mbele ya kamera wala kwa Bi Halima. Usiku ule kabla hujaondoka kwenda Songea, mwaka wa elfu mbili na moja, uliniamsha ukanionyesha viganja vyako vimejaa mchanga na grisi, ukasema umemlipizia Mjomba. Mashine ya Mzee Rajabu ilikufa asubuhi yake, na hakupata nyingine mpaka alipofariki. Bi Halima aliniambia siku niliyokwenda kwake, bila kulalamika, kwamba mumewe alijilaumu maisha yake yote kwa kununua mashine mbovu. Kaka, ulinionyesha mikono yako na mimi nilijua. Ningeweza kukuambia palepale. Nilikutazama tu, nikakuambia safari njema. Kwa hiyo mchanga ule niliutia mimi kabla yako. Lakini mikono ilikuwa yako, na kulisema au kutolisema ni lako. Mimi sitalisema.

Najua utanikasirikia, na sijui kwa muda gani. Sikuombi unisamehe kwa barua. Chumba chako kina kitanda na chandarua. Basi la Songea linafika hapa jioni. Ukiona huwezi kunisemesha, usinisemeshe, nitaelewa. Bi Halima ana miaka sabini na sita. Yeye usimwache hivyo.

Nisalimie wifi Happiness, mwambie zile mbegu za mboga alizotuma zimeota vizuri. Wabusu watoto wote kwa niaba ya shangazi yao. Mwambie mkubwa asome kwa bidii. Nawaombea afya, riziki na amani nyumbani kwenu, leo na siku zote.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja,

Telma Armando